PTH: homoni inayopanda figo zikichoka, na chakula kinavyoichochea

Mgonjwa wa figo akipewa majibu ya maabara, macho hukimbilia kriatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi. Wachache husoma mstari wenye herufi tatu: PTH. Hiyo ni homoni ya parathairoidi. Hutengenezwa na tezi nne zilizojibanza shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kila moja kama punje ya mchele. Kazi yake ni kulinda kalsiamu ya damu: kalsiamu ikipungua, homoni hupanda na kwenda kuichota kwenye mifupa.

Chakula huingilia hapa kwa mlango wa fosforasi. Madini haya yamo karibu katika kila tunachokula, na figo nzima hutoa ziada yake kwa mkojo bila sisi kuhisi lolote. Figo zikianza kudhoofika, homoni inayotangulia kupanda mara nyingi si PTH bali FGF23, inayotoka kwenye mifupa yenyewe. Huzihimiza figo zitoe fosforasi zaidi, lakini papo hapo huzizuia kuiamsha vitamini D. Vitamini D isipoamshwa, utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha, na zile tezi nne hazipumziki tena. Haya yanaweza kwenda miaka huku kipimo cha fosforasi kikisoma kawaida. Mifupa kuuma, ngozi kuwasha na mishipa ya damu kukakamaa kwa chokaa huja baadaye.

Sasa, fosforasi zinatofautiana. Ya maharage na nafaka imefungwa ndani ya faiteti, kemikali ya mbegu za mimea, na miili yetu haina kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua, hivyo sehemu kubwa hupita tu. Ya nyama, maziwa na samaki hufyonzwa zaidi. Ya kutiwa kiwandani huingia karibu yote, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuogopwa kuliko kipande cha nyama ya Jumapili. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 9 wa figo waliokula wiki moja chakula cha mimea na wiki nyingine chenye nyama, fosforasi ikiwa sawa kote. Wiki ya mimea, fosforasi ya damu na FGF23 vilishuka. Watu 9 ni wachache, ila matokeo yanaendana na tunachojua kuhusu utumbo.

Igeuze chupa ya kola usome maandishi yale madogo: E338 ni asidi ya fosforasi. Kwenye soseji tafuta E450 na E451, ambazo ni fosfeti, yaani chumvi za fosforasi. Beking poda nyingi nazo zina fosfeti, kwa hiyo andazi la hamira ni nafuu kwa mgonjwa. Jina la kiungo utaliona. Kiasi chake mara nyingi hakiandikwi.

Lakini usikimbilie kujaza sahani maharage: yana potasiamu nyingi, na kwa baadhi ya wagonjwa hiyo ni hatari ya moyo. Anayesafishwa damu kwa mashine naye anahitaji protini zaidi, si pungufu, kwa hiyo mezani huamua vipimo vyake na mtaalamu wake wa lishe. Na kama ameandikiwa dawa ya kufunga fosforasi, aimeze pamoja na chakula. Akiimeza saa mbili baada ya kula, haikuti cha kukamata.