Msongamano wa pikseli: Nikon D500 na D850 mbele ya ndege aliye mbali

Msongamano wa pikseli ni idadi ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha, zinazoenea katika kila milimita ya kihisi cha kamera, kile kipande kinachonasa mwanga. Kwa anayepiga picha za wanyamapori, namba hii ina uzito kuliko megapikseli (mamilioni ya pikseli) zilizoandikwa kwenye boksi, kwa sababu mnyama aliye mbali hukalia kipande kidogo tu cha kihisi. Pikseli nyingine zote zinapiga nyasi na anga.

Tuchukue Nikon D500 ya 2016 na D850 ya 2017. Ya kwanza ina kihisi kidogo, DX, chenye megapikseli 20.9, ya pili ina kikubwa, FX, chenye 45.7. Ukiishia hapo utaamini D850 itaonyesha manyoya mara mbili zaidi. Sivyo. Gawanya pikseli za upana kwa milimita za upana: D500 ina 5568 katika milimita 23.5, yaani kama 237 kwa milimita. D850 ina 8256 katika 35.9, yaani kama 230.

Funga lenzi ya milimita 500, kisha elekea ndege wa sentimita 30 aliye mita 30 mbele yako. Taswira yake inatua kwenye kihisi ikiwa na urefu wa milimita 5, bodi ya kamera iwe yoyote. D500 inampa ndege pikseli 1185 hivi, D850 1150. Jicho halioni tofauti hiyo. D750, kamera nyingine ya Nikon, nayo ina kihisi kikubwa, ila upana wake ni pikseli 6016, hivyo ndege anabaki na 838 tu, na vinyoya vya shingoni vinaanza kuchanganyikana. Kwa hiyo wanaosema kihisi kidogo "kinavuta karibu" wanakosea: kinakata kingo tu, na faida inakuja pale pikseli zake zinapokuwa zimebanana zaidi.

D850 inashinda mnyama akijaa fremu, mathalani simba aliyelala kando ya barabara Serengeti, na fremu yake pana hurahisisha kumfuata ndege anayeruka. D500 inapiga picha 10 kwa sekunde dhidi ya 7.

Pikseli zilizobanana hivi hufichua kila mtikisiko. Kwa lenzi ya milimita 500, kasi ya shata ya sekunde 1/500 haitoshi. Anzia 1/1000 kwa ndege aliyetua, 1/2000 hadi 1/3200 akiruka. Zima injini ya gari, laza lenzi juu ya mfuko wa maharage dirishani, na uweke tundu la lenzi kati ya f/5.6 na f/8, maana kufikia f/16, tundu dogo zaidi, picha inapoteza ukali yenyewe.

Picha ikikosa ukali, usiilaumu bodi kwanza. Kila kitu kikiwa na ukungu wa mstari kuelekea upande mmoja, ni mtikisiko. Nyasi za mbele au nyuma zikiwa kali kuliko jicho la mnyama, fokasi imekosea. Bodi zote mbili zina marekebisho ya fokasi kwenye menyu. Kingo zikiwa za mawimbi, na kila picha ya mfululizo ikiharibika kivyake, ni hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Hilo halitibiwi na kamera yoyote: sogea karibu, au rudi kabla ya saa tatu asubuhi.