"Nitaifuta hiyo kesi": yanayosemwa kuhusu dhuluma za nyumbani kortini Kenya, na ukweli wake

Mke akipigwa na mumewe, ushauri humfikia kabla hata majeraha hayajaoshwa. Mama mkwe ana lake, jirani ana lake, na mzee wa mtaa anajua kila kitu kuhusu korti ingawa hajawahi kuingia. Mengi ya hayo si kweli, na wapo wanaorudi kwenye nyumba ya hatari kwa sababu waliyaamini. Nimeyachukua yale yanayorudiwa sana hapa Kenya, nikayaweka mbele ya sheria.

"Kesi ni yangu. Nikimsamehe, naifuta."

Kesi ya jinai haifunguliwi kwa jina la aliyeumizwa. Hufunguliwa kwa jina la Jamhuri, naye anakuwa mlalamishi na shahidi. Uamuzi wa kumshtaki mtu uko mikononi mwa Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, iliyopewa mamlaka hayo na Kifungu cha 157 cha Katiba ya 2010. Kifungu hichohicho kinamzuia hata Mkurugenzi mwenyewe kusitisha kesi bila ruhusa ya korti. Mlalamishi anaweza kuomba kuondoa lalamiko lake, ndiyo, lakini ni lazima amridhishe hakimu kwamba ana sababu za kutosha. Kwa makosa ya kingono mlango ni mwembamba zaidi: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikumwachia mlalamishi uamuzi wa kusitisha mashtaka.

Ndiyo maana mwendesha mashtaka makini, akiambiwa "nimemsamehe", hafungi faili papo hapo. Humweka mama kando na kumuuliza. Umekuja na nani leo? Kodi ya nyumba analipa nani? Tangu juzi umepigiwa simu na nani? Wengi huudhika, huona wanachimbwa mambo ya ndani. Mimi naona maswali hayo ni kinga. Mwanamke aliyesindikizwa kortini na mashemeji wawili ili aombe kesi iondolewe hajaomba chochote; ameombewa. Kwa kuwa kesi si yake, ana neno la kuwajibu ukoo mzima bila kuubeba uadui peke yake: "Si mimi ninayemshtaki, ni serikali." Wanasheria wanaomhudumia wangemwambia maneno hayo siku ya kwanza kabisa, wangemtua mzigo mkubwa.

"Mke hawezi kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe."

Kuna mahali hilo ni kweli, lakini si hapa. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinamlinda mwenzi asilazimishwe, kisha kinataja makosa ambayo ulinzi huo hauyagusi. Mojawapo ni kosa lililomdhuru mwenzi mwenyewe au watoto wao. Kwa hiyo korti inaweza kumwita, na akiitwa atafika. Hata hivyo, kumburuta shahidi anayetetemeka hadi kizimbani hakumpi mwendesha mashtaka ushahidi mzuri. Mara nyingi anayelazimishwa hubadilisha maneno yote, na upande wa mashtaka unabaki kuomba korti imtangaze shahidi mkaidi, yaani aliyeugeuka upande uliomwita. Kazi yenye tija hufanyika mapema, kwa kumwandaa, kumweleza korti ilivyo, na kukusanya ushahidi mwingine ili kila kitu kisitegemee mdomo wake.

"Hakuna aliyeona, kwa hiyo hakuna kesi."

Nyumbani mlango hufungwa. Ni nani angeona? Sheria yenyewe inasema hakuna idadi maalum ya mashahidi inayotakiwa kuthibitisha jambo. Jirani aliyesikia mayowe na vyombo vikivunjika haleti uvumi, anaeleza alichosikia kwa masikio yake. Nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, inaonyesha mwathiriwa aliripoti lini. Fomu ya P3, ambayo hutolewa bure kituoni, daktari huijaza kuhusu majeraha na yamekuwapo kwa muda gani, ndiyo sababu kukaa wiki nzima kabla ya kwenda hospitali huumiza kesi. Akienda hospitali kwanza, ni sawa. Kadi ya matibabu ya siku hiyo ni ushahidi pia, na P3 itajazwa baadaye kwa kuitumia.

Halafu kuna simu. Ujumbe wa "ukienda polisi utaona" una uzito mkubwa, lakini Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulitolewa katika kifaa gani na kwa njia gani. Watu huchapisha picha za skrini mtaani, kisha wanaifuta simu au kuiuza. Usiifute. Mpelekee mpelelezi simu yenyewe, na umwache mwendesha mashtaka ahakikishe cheti kimeandaliwa.

"Wazee wameshamaliza, korti haina kazi tena."

Katiba inaheshimu usuluhishi, na sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inairuhusu korti kuhimiza upatanisho katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo mazito. Kumjeruhi mtu vibaya ni kosa zito ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Mbuzi wawili na blanketi la mama mkwe havilifuti. Hasira yangu haiko kwa wazee wote, maana wapo waliomtoa mtu nyumbani usiku na kumfikisha kituoni. Iko kwa kikao ambacho mwenye jicho lililovimba ndiye pekee asiyeulizwa anataka nini.

"Amepewa dhamana, maana yake ameachiliwa."

Dhamana ni haki ya mshtakiwa chini ya Kifungu cha 49 cha Katiba, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Kesi inaendelea. Lakini hapa mwathiriwa ana sauti asiyoijua: Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inataka usalama wake na wa familia yake uzingatiwe katika masharti ya dhamana. Mwendesha mashtaka anaweza kuomba mshtakiwa akatazwe kukaribia nyumba, kupiga simu au kutuma watu, ila hawezi kuomba kwa kubahatisha. Anahitaji tarehe, maneno ya vitisho, na majina ya waliotumwa. Mshtakiwa akivunja masharti, ripoti siku hiyohiyo. Dhamana inaweza kufutwa.

"Mwendesha mashtaka ni wakili wangu."

Siye. Anaiwakilisha Jamhuri, na ana wajibu hata kwa mshtakiwa, kwa mfano kumpa ushahidi anaoutegemea. Lakini mwathiriwa hakuachwa nje. Anaweza kuwa na wakili wake, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwathiriwa ana nafasi ya kushiriki katika kesi kwa kiasi ambacho hakivurugi haki za mshtakiwa. Kabla ya hukumu anaweza pia kueleza madhara aliyopata, mwilini, moyoni na mfukoni.

"Mpaka afungwe ndipo nitakuwa salama."

Sheria ya Kinga Dhidi ya Unyanyasaji wa Kinyumbani ya 2015 haisubiri kifungo. Mwathiriwa anaomba amri ya ulinzi kortini, hata kama hakuna aliyeshtakiwa, na korti inaweza kumwacha yeye akae nyumbani na mnyanyasaji atoke, hati ya nyumba iwe kwa jina la nani. Sheria hiyo inahesabu pia kunyimwa pesa, kufuatwafuatwa, na kuingiliwa na wakwe. Kuivunja amri ni kosa la jinai, na hapo faili linarudi kwa mwendesha mashtaka. Kituoni polisi wana wajibu wa kumweleza mlalamishi kuhusu kinga hizi, naye anaweza kuchagua kuandikisha taarifa kwa afisa wa jinsia yake. Kumwambia "nendeni mkamalizane" si sheria.

"Ndani ya ndoa hakuna ubakaji."

Inaniuma kuandika kwamba hili lina chembe ya ukweli. Sheria ya Makosa ya Kingono imewaacha nje wanandoa halali, kwa hiyo shtaka la ubakaji dhidi ya mume hukwama. Ni pengo la aibu na Bunge lina uwezo wa kuliziba. Lakini sheria ya 2015 imetaja wazi dhuluma ya kingono ndani ya ndoa kuwa unyanyasaji, hivyo amri ya ulinzi inapatikana, na akipigwa au kujeruhiwa katika tendo hilo, makosa ya kushambulia na kujeruhi yako palepale.

Na wanaume? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 34 ya wanawake na asilimia 27 ya wanaume wa Kenya wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini na mtu tangu wafike umri wa miaka 15. Kila sheria niliyoitaja inamlinda mwanamume aliyeumizwa nyumbani vilevile, kwa OB ileile na P3 ileile.