Kisomaji Kikikaribia Mno: Kinga ya Hereni za Kielektroniki Dhidi ya Nguvu Iliyozidi

Malalamiko kuhusu hereni za kielektroniki, yaani vitambulisho vinavyofungwa kwenye sikio la mnyama, zinazodaiwa kufa yameongezeka miongoni mwa wafugaji wa Witu, Hindi na Mpeketoni, na vilevile miongoni mwa wenye punda wa Lamu mjini na Shela. Idara imeona ni vyema itoe maelezo haya kabla ya ukaguzi ujao, kwa sababu nyingi kati ya hereni hizo zikifika mezani petu huonekana ni nzima, na kilichokosewa ni namna zilivyosomwa. Chache zimeharibika kweli, na chanzo hasa ni nguvu nyingi kutoka kwa chombo kilichowekwa karibu mno.

Hereni hizi, sawa na chipu ya kioo anayodungwa punda shingoni upande wa kushoto, hazina betri. Kisomaji, yaani chombo cha kusomea nambari ya hereni, hutoa uga sumaku (nguvu ya sumaku inayoenea hewani) wa kilohezi 134.2, masafa (kasi ya mtetemo) yaliyowekwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 11785. Koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo ndani ya hereni huunasa uga huo, dayodi hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, na kapasita ndogo huhifadhi umeme wa kutosha kuiamsha chipu itaje nambari yake ya tarakimu 15, ambayo huanza na 404 ikiwa imetolewa kwa msimbo wa Kenya. Tumekwisha kueleza mara nyingi kwamba kifaa cha namna hii hakiwezi kumfuatilia punda kwa setilaiti, na tunaomba dai hilo lisiendelee kusambazwa.

Tatizo linatokana na umbali. Pindi umbali unapozidi upana wa koili ya kisomaji, uga hupungua haraka sana: umbali ukiongezeka maradufu, uga hubaki takriban sehemu moja kwa nane. Mtengenezaji hulazimika kuiunda hereni iweze kuamka kwa uga hafifu wa mbali, na hereni hiyohiyo, ikibandikwa kwenye kisomaji, hukutana na uga mkubwa mara nyingi kuliko ule inaouhitaji. Kwa kuwa koili na kapasita zimelandanishwa na masafa ya kisomaji, volti katika koili isiyo na kinga zinaweza kupanda hadi makumi, ilhali chipu yenyewe imeundwa kwa volti chache tu.

Kinga iliyopo ni saketi ya kudhibiti volti, iliyounganishwa sambamba na koili. Volti zikiwa chini ya kiwango, saketi hiyo haipitishi kitu. Zikivuka, hufunguka na kuunyonya mkondo wa ziada, kama tundu la juu la birika linavyotoa maji yaliyozidi ili yasifurike. Lakini umeme ulionyonywa haupotei, bali hugeuka joto ndani ya kipande cha silikoni chenye upana wa milimita chache au pungufu ya hapo, na ndiyo maana kinga hii ina kikomo. Hereni za bei ya chini mno tulizoletwa hazikuwa na maelezo yoyote ya uga unaoweza kuhimiliwa. Tunamshauri mfugaji aulize jambo hili kabla ya kulipa, na muuzaji asiyeweza kulijibu asiaminiwe.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hereni hujibu kwa kubadilisha mzigo wa koili yake, na kisomaji huyahisi mabadiliko hayo. Ikiwa saketi ya kinga tayari inanyonya mkondo mkubwa kwa sababu ya ukaribu, mabadiliko hayo huwa madogo mno, na wakati mwingine koili mbili zilizosongamana huvurugana hata masafa yao yakahama. Mfugaji mmoja alituletea hereni iliyofungwa kwenye kitambaa, akakikandamiza kisomaji juu yake mara kadhaa bila kupata nambari. Afisa alipokiinua kiasi cha upana wa kiganja, nambari ilitokea papo hapo. Kukandamiza hakuongezi usomaji. Hereni za aina nyingine hujibu baada ya kisomaji kunyamaza kidogo, zikitumia umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita, na kwa hizo hatari ya ukaribu ni kapasita kujazwa kupita kiasi.

Zilizoharibika kabisa tumezipokea hasa kutoka kwa watu wa aina mbili: aliyeongeza nguvu ya kisomaji kwa kikuza nguvu cha kuunganisha mwenyewe, na aliyeiacha hereni kati ya simu na kibao cha kuchajia bila waya. Vibao hivyo hufanya kazi kati ya takriban kilohezi 100 na 205, yaani masafa ya hereni yamo humo humo, na hutoa wati 5 au zaidi, ilhali hereni huamka kwa sehemu ndogo mno ya wati moja. Jiko la induksheni, linalopasha sufuria kwa uga sumaku, nalo liepukwe.

Utaratibu wa kuripoti ni huu. Mnyama asing'olewe hereni nyumbani. Mmiliki amlete mnyama, au kama hereni imekwisha kupotea alete maelezo ya maandishi, pamoja na kitambulisho chake cha taifa na karatasi ya usajili. Afisa atasoma hereni kwa umbali wa aina tatu, ataandika matokeo mbele ya mmiliki, na iwapo haisomeki nambari ya zamani itafutwa kwenye daftari kabla ya mpya kutolewa. Nambari mbili haziwezi kubaki hai kwa mnyama mmoja. Mnyama asihamishwe wala kuuzwa kabla nambari mpya haijaandikwa. Kuondoa au kubadilisha hereni kwa nia ya kuficha umiliki hupelekwa polisi, na huko sheria ya wizi wa mifugo, Sura ya 355, ndiyo inayotumika. Kisomaji cha redio kinachouzwa nchini kinapaswa kuwa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa hiyo kilichoongezwa nguvu kienyeji hakikubaliki katika ukaguzi hata kama kinasoma, na afisa atakiandika kwenye fomu pamoja na jina la mwenye nacho.