Muhuri wa LC1 si kibali cha ujenzi

Ni imani ya miaka mingi hapa Uganda: mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) akishapiga muhuri kwenye barua na majirani wakatia saini, unaweza kuinua ukuta wa uzio au kuongeza veranda. Barua ile ina kazi yake. Inaonyesha kwamba unafahamika kijijini na majirani wana habari. Kujenga ni jambo jingine. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 imeweka kibali mikononi mwa Kamati ya Majengo ya wilaya au mji. Ukiwa Kampala, maombi yanakwenda KCCA, mamlaka ya jiji.

Chama cha wakazi wa esteti nacho kinaweza kukuzuia kwa kanuni mlizokubaliana, lakini ridhaa yake haichukui nafasi ya kibali. Anza na chama, kwa sababu kuchora upya ramani ni gharama.

Kwa Kamati au KCCA, peleka nakala ya hati ya ardhi na ramani inayoonyesha mipaka, urefu wa ukuta, geti na njia ya maji. Hapo kwenye maji ndipo ugomvi huzaliwa. Ukuta uliozibwa chini kwenye mteremko hugeuka bwawa mvua ikinyesha: maji hulainisha udongo wa msingi, ukuta unalalia kwa jirani. Acha matundu ya bomba chini yake, na yatoe maji kwenye mfereji, si uani kwa mtu.

Msingi usichimbwe kabla mpima ardhi hajafukua mawe ya mpaka. Mti wa mnyaa si mpaka.