Bega la mtoto kugeukia ndani: oparesheni hasa yarekebisha nini?

Huku Mombasa mtoto akizaliwa na mkono umelala tu, hausongi, utaskia ni jicho hilo, ama mkandeni mafuta ya nazi atakaa sawa. Na kweli wengi hukaa sawa, sibishi. Kilichotokea ni kichwa kilitoka bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena, shingo ikavutika, na ile mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ikanyooka sana au ikakatika.

Lakini bega kuharibika umbo ni kitu chengine, huja pole pole baadaye. Misuli ya kugeuza mkono ndani ina nguvu, ya kuugeuza nje imelala, yani ni kuvuta kamba timu moja wako wanane na nyengine wawili tena wagonjwa. Mfupa wa mtoto bado mlaini, basi kile kichwa cha duara cha mfupa wa mkono wa juu husukumwa nyuma mpaka kisahani chake cha begani, pale kinapokaa, kinapoteza shimo. Utamuona akila anainua kiwiko juu kama mpiga tarumbeta wa harusi, na kujishika kisogo hawezi. Ukimbananisha kiwiko na mbavu, ukakikunja, halafu ukajaribu kuupeleka mkono nje ukagoma, usingoje akue, mpeleke kwa daktari wa mifupa.

Kushona mishipa ya fahamu yenyewe ni kazi ya miezi ya mwanzo, hiyo weka kando. Ya bega, akiwa bado mdogo, hulegezwa msuli uliokaza, saa nyengine kwa vitobo na kamera, na mara nyingi kano za misuli miwili ya mgongoni huhamishwa zishikizwe nyuma ya bega, ile iliyokuwa yavuta ndani sasa ivute nje. Ujanja huu mimi naupenda sana. Akishakuwa mkubwa na kiungo kimeshakaa vibaya, hukatwa mfupa wa mkono wa juu, ukazungushwa, ukatiwa chuma na skrubu. Kiungo chabaki vile vile, ila mkono waelekea pa kufanya kazi.

Muulize daktari atalegeza kiasi gani, manake akizidisha mkono haufiki tena tumboni, na hapo kufunga kifungo au kustanji ni taabu. Wengi hutiwa plasta wiki kadhaa, mkono umetoka nje kama askari wa trafiki. Ikitolewa ndo fisio, yani mazoezi ya viungo, yaanza sasa, ule msuli uliohamishwa bado haujui kama umebadilishiwa kazi.