Mkanda unaouona ukifungua boneti si taiming belti

Nendeni Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, mkasikilize wateja: "Taiming belti yangu inapiga kelele, nimeiona imechanika." Hapana. Mkanda ulioonekana pembeni ya injini, ukizunguka puli zilizo wazi, ni fenibelti. Taiming belti, mkanda unaofanya vali za injini zifunguke na kufungwa kwa wakati wake, hufichwa nyuma ya kifuniko. Huioni mpaka fundi afungue boliti.

Hata jina fenibelti linapotosha, maana kwenye magari mengi madogo ya leo feni ya rejeta inaendeshwa na umeme. Fuata mkanda wenyewe kwa macho, injini ikiwa imezimwa. Unaanzia kwenye puli kubwa ya krenki, shafti kuu ya injini, chini. Puli iliyoshika kifaa chenye nyaya nene na matundu ya hewa ni alteneta, inayochaji betri. Iliyounganishwa na mipira na paipu za alumini ni kompresa ya AC. Kwenye injini kama 1NZ ya Toyota, mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji. Ndiyo maana ukikatika, taa ya betri huwaka kwanza, kisha injini inachemka. Simama hapo hapo, usijikaze kufika nyumbani.

Na injini hiyo ya 1NZ haina taiming belti kabisa, ina cheni. 7A, ya Corolla za zamani, ndiyo yenye mkanda. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kutoa pesa, soma msimbo wa injini yako, kama 1NZ au 7A.