Alumini si metali pole

Wiki hii nimeisikia tena: "Alumini haishiki kutu kwa sababu haina makali." Imenichosha. Alumini ina makali, yaani wepesi wa kuungana na vitu vingine, kuliko chuma, kuliko zinki. Washa unga wake uliochanganywa na oksidi ya chuma, utainyang'anya oksijeni yote na chuma kitatiririka kikiwa uji wa moto. Hivyo ndivyo mafundi wanavyounga reli. Ukali huo ndio uliofanya iwe ghali mno hadi 1886, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja kivyake, jinsi ya kuitoa kwa umeme kwenye oksidi inayopatikana katika boksiti, mwamba wenye madini ya alumini.

Kinachoilinda ni utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Ukiukwangua, mwingine hujijenga papo hapo. Kutu ya chuma hubanduka. Oksidi hii hung'ang'ania kama ngozi.

Lakini utando huo una maadui. Magadi ni mmoja. Ukipika maharage kwa magadi kwenye sufuria ya alumini, unaumomonyoa, na sufuria inabaki imebadilika rangi. Tumieni chungu au sufuria ya stili, tafadhali. Ukwaju uliolala humo usiku kucha nao hula metali. Kosti soda ni hatari kabisa: ndani ya chombo cha alumini kilichofungwa hutoa hidrojeni, na hidrojeni hulipuka.

Linaloniudhi zaidi ni jaribio la shuleni. Mwanafunzi anaambiwa alumini iko juu ya shaba katika mfuatano wa ukali wa metali. Anatumbukiza kipande kwenye maji ya salfeti ya shaba, anasubiri, haoni kitu. Mwalimu anaruka kwenda jaribio lingine, na mtoto anatoka darasani akiamini alumini ni legevu! Mwalimu, ongeza chumvi ya mezani. Baada ya muda kidogo vipovu vinatoka, chombo kinapata joto, shaba nyekundu inajikusanya kwenye kipande. Kloraidi iliyomo kwenye chumvi imetoboa utando. Inautoboaje hasa? Hapo wataalamu wa kutu bado wanabishana: wengine wanasema inapenya ndani ya oksidi, wengine wanasema inaanzia kwenye nyufa na kasoro zilizokuwapo tayari. Mwambieni mwanafunzi hivyo hivyo, ubishi na yote.

Kloraidi hiyo hiyo imo katika hewa ya bahari, ndiyo maana fremu za madirisha ya pwani hutoka vidoa vyeupe na vishimo. Skrubu za shaba huzidisha uharibifu, kwa kuwa alumini ndiyo inayoliwa pale metali hizo mbili zinapogusana penye unyevu wa chumvi. Fundi, weka skrubu za stili isiyoshika kutu, na kipete cha plastiki (washa) katikati.